Miaka minane Springfield: Barack Obama alivyojifunza kazi ya kutunga sheria

Na Mwandishi Wetu

Jina la Barack Obama hutajwa zaidi kwa urais wa Marekani, alioushika kuanzia mwaka 2009 hadi 2017. Kisichosimuliwa mara nyingi ni kwamba kabla ya kufika Washington alitumikia karibu miaka minane katika Seneti ya jimbo la Illinois, na sita ya mwanzo aliikalia katika kambi ya wachache. Huko ndiko alikojifunza kutunga sheria, na huko ndiko alikosimamia muswada uliobadilisha namna polisi wa jimbo hilo wanavyowahoji watuhumiwa wa mauaji.

Makala haya yanaeleza kipindi hicho na namna mbunge wa ngazi ya jimbo anavyofanya kazi yake.

Mamlaka ya bunge la jimbo

Kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani lina katiba yake, gavana wake na bunge lake. Bunge la Illinois hukutana katika mji wa Springfield, takriban kilomita 320 kutoka Chicago, na lina Seneti yenye wajumbe 59 na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 118.

Msomaji wa Kenya anaweza kulifananisha na bunge la kaunti, lakini mamlaka yake ni mapana zaidi. Nchini Marekani makosa mengi ya jinai, yakiwamo mauaji, hushitakiwa kwa sheria za jimbo, si za taifa. Kwa hiyo seneta wa jimbo asiyejulikana nje ya eneo lake anaweza kupiga kura inayogusa uhuru, hata uhai, wa raia.

Kutoka mitaani hadi bungeni

Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alihamia Chicago mwaka 1985 kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa ya kusini mwa jiji hilo, ambako kufungwa kwa viwanda vya chuma kuliwaacha wengi bila ajira. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1988 hadi 1991, kisha akarejea Chicago. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura, na baadaye akawa wakili wa haki za raia na mhadhiri wa sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Nafasi ya kugombea ilipatikana mwaka 1995, pale Seneta Alice Palmer alipoamua kuwania kiti katika Bunge la taifa. Palmer alishindwa katika kinyang'anyiro hicho, akataka kukitetea kiti chake cha zamani. Wafuasi wake walimwomba Obama ajitoe, naye akakataa.

Sheria ilimtaka kila mgombea awasilishe saini za wadhamini wasiopungua 757. Watu wa Obama walikagua fomu za wapinzani wake na kuweka pingamizi dhidi ya saini zenye kasoro. Wapinzani wote wanne, Palmer akiwa miongoni mwao, hawakufika kwenye karatasi ya kura ya mchujo. Wapo waliosema alifuata sheria, na wapo waliosema wananchi walinyimwa nafasi ya kuchagua. Mjadala huo umeendelea kumfuata katika maandiko kuhusu maisha yake.

Miaka sita ya wachache

Alipoapishwa Januari 1997, Seneti ilikuwa chini ya chama cha Republican, naye alikuwa wa Democratic. Katika mfumo huo chama chenye wengi ndicho kinachoamua muswada upi ufike ukumbini na upi ubaki kwenye makabati ya kamati. Mjumbe wa upande wa pili ana njia moja tu ya kupata matokeo, nayo ni kutafuta washirika ng'ambo ya ukumbi.

Kwa njia hiyo alishiriki kupitisha sheria ya maadili ya mwaka 1998, iliyobana zawadi kwa viongozi na kuzuia fedha za kampeni kutumiwa kwa mahitaji binafsi.

Hakukosa kuanguka. Desemba 1999 alikosa kura ya muswada muhimu wa udhibiti wa silaha kwa kuwa alikuwa Hawaii na familia yake, binti yake akiwa mgonjwa. Muswada ulikwama, naye akalaumiwa vikali. Machi 2000 alimkabili Bobby Rush katika kura ya mchujo ya kuwania Bunge la taifa, akapata takriban asilimia 30 dhidi ya 61. Alirejea Springfield akiwa bado katika kambi ya wachache.

Muswada wa kurekodi mahojiano

Wakati huo Illinois ilikuwa na jeraha zito. Tangu adhabu ya kifo iliporejeshwa mwaka 1977, jimbo lilikuwa limewaua kwa sindano watu 12, huku wengine 13 waliohukumiwa kifo wakibainika kuwa hawakustahili hukumu hiyo na kuachiwa. Baadhi ya kesi za aina hiyo zilitegemea maungamo yaliyodaiwa kutolewa kwa mateso au vitisho. Januari 2000 Gavana George Ryan, wa Republican, alisimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo.

Mwaka 2003 Democratic walichukua uongozi wa Seneti, na Obama akawa mwenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii. Alisimamia pia muswada uliowataka polisi warekodi kwa sauti au picha mahojiano ya mtuhumiwa wa mauaji aliye kizuizini. Polisi na waendesha mashitaka waliupinga mwanzoni. Alikaa nao meza moja pamoja na watetezi wa haki, akijenga hoja kwamba rekodi humlinda asiye na hatia na humlinda pia askari mwaminifu anayesingiziwa.

Seneti iliupitisha kwa kura 58 bila hata moja ya kuupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Alaska na Minnesota zilikuwa zimelifikia kwa uamuzi wa mahakama. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria nyingine aliyoisimamia, inayowataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha barabarani, ili ubaguzi uweze kupimwa kwa takwimu.

Funzo kwa mwananchi

Obama alijiuzulu Novemba 2004 baada ya kuchaguliwa kuingia Seneti ya taifa. Hotuba yake ya Julai mwaka huo mjini Boston ndiyo iliyomtambulisha kwa dunia, lakini sheria ya mahojiano ilikuwa imekwisha kupatikana mwaka mmoja kabla, katika vikao ambavyo hakuna televisheni ya taifa iliyovirusha.

Mwananchi anayetaka kumpima mwakilishi wake ana vigezo vilevile. Aangalie ni muswada gani ameusimamia, amekaa na nani kuujadili, na kura yake ilikuwa ipi siku uamuzi ulipofanyika. Majibu yake hupatikana katika kumbukumbu rasmi za vikao.