Kisunzi cha rubani wa sebuleni

Abiria anayechafukwa na moyo katika mkondo wa Wasini, karibu na Kibuyuni, huambiwa atazame mbali, nchi kavu isiyoyumba. Je, anayejifunza kurusha ndege ya kivita kwenye kompyuta nyumbani atazame wapi?

Maradhi ni yale yale, ila yamegeuzwa. Ndani ya chombo, sikio husikia mwili ukiyumba huku macho yakiona vitu vimetulia. Kwenye kompyuta, macho huona ndege ikipinduka, nalo sikio lajua umeketi kitini! Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, hutoka kijasho, kichefuchefu na kisunzi. Mwaka wa 1957 iliripotiwa Marekani kwamba hata marubani wa helikopta waliugua hivyo kwenye mitambo ya mafunzo, na wazoefu ndio walioumia zaidi.

Anayeanza aiache kwanza ile miwani inayofunika macho. Atumie skrini ya kawaida, chumba kiwe na mwanga na hewa, aruke sawasawa dakika kumi hivi. Mapigano na mipinduko baadaye. Mate yakianza kujaa mdomoni, zima. Kukaza roho huzidisha ugonjwa. Mazoea huja kwa vipindi vifupi, siku mbalimbali. Kisunzi chaweza kudumu saa kadhaa, basi usiendeshe gari wala pikipiki mpaka kiishe.