Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Akiba ya Vitamini Inayokwisha Kimyakimya

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huonekana mwenye afya njema kabisa katika miezi ile ile ambayo akiba za mwili wake zinapungua. Nguo zimelegea, sukari imeshuka, magoti hayamsumbui tena, na kila anayekutana naye humsifu. Hana sababu ya kurudi kliniki, na mara nyingi harudi. Kwa hiyo makala hii haizungumzii upasuaji wenyewe. Inazungumzia miaka inayoufuata, ambayo mgonjwa huipitia mbali na mpasuaji wake, mikononi mwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya ambao pengine hawajawahi kumhudumia mgonjwa wa aina hii. Idadi ya wagonjwa hao inaongezeka. Upasuaji huu sasa unafanyika katika baadhi ya hospitali kubwa za Afrika Mashariki, na wapo wanaosafiri hadi India au Uturuki na kurejea nyumbani muda mfupi baadaye, mkononi wakiwa na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa lugha ambayo familia haiisomi.

Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanyika zaidi. Katika ya kwanza, mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu wake na takriban robo tatu yake au zaidi huondolewa, kikabaki kifuko chembamba mfano wa mkono wa shati. Utumbo hauguswi. Katika ya pili, yaani upasuaji wa mchepuko, juu ya mfuko wa chakula hutengenezwa kifuko kidogo chenye ujazo wa takriban mililita 30, sawa na vijiko viwili vya mezani, kisha kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba mbele zaidi. Chakula hakipiti tena katika sehemu kubwa ya mfuko wa zamani wala katika mwanzo wa utumbo. Mchepuko kwa ajili ya unene ulianzishwa na Edward Mason na Chikao Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960. Muungano wenye umbo la herufi Y unaotumika sana leo hubeba jina la César Roux, mpasuaji wa Uswisi aliyeishi kabla yao.

Kwa nini njia ya chakula iwe na uzito kiasi hiki? Kwa sababu utumbo haufyonzi kila kitu kila mahali. Chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, sehemu ile ile iliyorukwa. Vitamini A, D, E na K huhitaji mafuta yachanganyike vizuri na nyongo na vimeng'enya vya kongosho, na baada ya mchepuko mchanganyiko huo hutokea mbali zaidi. Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, lakini haifiki huko salama bila asidi ya kuitoa ndani ya nyama na samaki, na bila protini maalumu inayotengenezwa na kuta za mfuko wa chakula. Hata yule ambaye utumbo wake haukuguswa amepoteza sehemu kubwa ya kiwanda cha asidi na protini hiyo. Zaidi ya hayo, anakula kidogo sana. Hivyo mgonjwa asiambiwe kwamba upasuaji wa kukata mfuko pekee haudai vidonge. Unadai, na kwa maisha yote.

Upungufu wa hatari kuliko wote ndio unaokuja mapema kuliko wote, nao ni wa vitamini B1, yaani thiamini. Mwili una akiba ndogo sana ya vitamini hii, isiyotosha zaidi ya wiki mbili au tatu. Tuseme mama mwenye umri wa miaka 34, wiki ya sita baada ya upasuaji, anatapika kila anachokula na kwa siku kumi na nne ameishi kwa uji mwepesi. Anafika kituo cha afya akiwa amekaukiwa maji. Mhudumu, kwa nia njema, anamtundikia dripu ya glukosi. Siku ya pili mama anayumba akisimama, macho yanachezacheza, anaona vitu viwiliviwili, na hajui leo ni siku gani. Ndugu wanadhani ni malaria iliyopanda kichwani, au jambo jingine lisilo la hospitali.

Kilichotokea ni hiki: seli haziwezi kuichoma glukosi ipasavyo bila vitamini B1. Dripu imeuletea mwili glukosi nyingi na kumaliza kiasi kidogo cha B1 kilichokuwa kimesalia. Sehemu za ndani za ubongo ndizo zinazoumia kwanza. Akitibiwa ndani ya saa chache, wengi wa wagonjwa hawa hupona. Akicheleweshwa, anaweza kubaki na ulemavu wa kumbukumbu na wa kutembea hadi mwisho wa maisha yake, au kufariki.

Naomba kila mhudumu wa afya alishike jambo hili hata akisahau mengine yote katika makala hii. Mgonjwa aliyewahi kupasuliwa ili kupunguza uzito, akija anatapika, apewe vitamini B1 kwa sindano kabla ya dripu yoyote yenye glukosi, na maji yake yaanze na dripu ya chumvi. Matokeo ya maabara yasisubiriwe. Dalili za ubongo zikishaonekana, kipimo ni miligramu 200 au zaidi kwenye mshipa, mara tatu kwa siku, kwa siku kadhaa, na magnesiamu iangaliwe pia, kwani bila hiyo B1 haifanyi kazi yake vizuri. Pasipokuwa na sindano ya B1 pekee, sindano ya mchanganyiko wa vitamini B ndani ya msuli ni bora kuliko kungoja, mradi rufaa isicheleweshwe. Kutapika kwenyewe pia si hali ya kawaida ya kuzoea. Huenda njia ya chakula imeziba au imekuwa nyembamba mno, na mpasuaji ni lazima ajulishwe.

Vitamini B12 ina tabia iliyo kinyume kabisa. Ini huweka akiba ya kutosha kwa miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu hujitokeza wakati mgonjwa amekwisha kusahau kwamba aliwahi kupasuliwa. Huanza na ganzi na kuwaka moto nyayoni, kisha uchovu, kuyumba gizani na usahaulifu. Ugumu ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa walikuwa na kisukari, nacho pia huleta ganzi ya miguu. Dalili zikitajwa, lawama hutupiwa sukari. Wengine wameendelea kumeza metformini, na wengine omeprazoli kwa ajili ya kiungulia, dawa ambazo zikitumika muda mrefu hupunguza zaidi ufyonzwaji wa B12.

Kuna mtego mwingine. Upungufu wa damu hapa kwetu hutibiwa kwa vidonge vya chuma vilivyochanganywa na asidi ya foliki. Asidi ya foliki inaweza kurekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12 huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika. Wingi wa damu hupanda, daktari hufurahi, na miguu huzidi kufa ganzi. Tiba yenyewe haina ugumu: sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, au kidonge cha mikrogramu 1,000 kila siku. Kidonge hutosha kwa wengi kwa sababu takriban asilimia 1 ya dozi kubwa hupenya yenyewe ukutani mwa utumbo bila kuhitaji ile protini ya mfuko wa chakula.

Kuhusu chuma, wanaoathirika zaidi ni wanawake walio bado kwenye hedhi. Wao, pamoja na wote waliofanyiwa mchepuko, huhitaji miligramu 45 hadi 60 za chuma kwa siku. Kidonge cha kawaida cha feras salfeti cha miligramu 200 kina takriban 60 hadi 65. Chuma kisimezwe na chai, maziwa wala kalsiamu. Kitenganishwe navyo kwa saa mbili, na kikimezwa pamoja na chungwa au ndimu hufyonzwa vizuri zaidi. Mgonjwa aulizwe kwa upole kama anatamani udongo au barafu. Wengi huona haya kulisema, ilhali hamu hiyo huweza kuonekana kabla damu haijapungua sana. Kipimo cha wingi wa damu pekee huchelewa kuonyesha tatizo. Feritini hushuka mapema zaidi, ingawa maambukizi na uvimbe mwilini huipandisha na kuficha ukweli. Na tusisahau safura: kupasuliwa hakumkingi mtu na minyoo.

Kalsiamu inayohitajika ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, chakula kikihesabiwa humo, na igawanywe katika dozi zisizozidi 600 kila moja kwa kuwa utumbo haumudu zaidi kwa mkupuo. Kalsiamu sitreti inafaa kuliko kaboneti, kwani haihitaji asidi nyingi ili kuyeyuka. Ikiwa duka la dawa lina kaboneti tu, imezwe pamoja na chakula. Vitamini D huanzia kwa kawaida yuniti 3,000 kwa siku. Jua la kwetu ni kali, lakini watu wenye uzito mkubwa mara nyingi huingia chumba cha upasuaji wakiwa tayari na upungufu wake. Zinki na shaba huenda pamoja: anayemeza zinki nyingi peke yake huipunguza shaba, na upungufu wa shaba huharibu uti wa mgongo kwa namna inayofanana sana na ile ya B12.

Nywele nazo huleta hofu kuliko zinavyostahili. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita hupukutika, hasa kwa sababu ya kasi ya kupungua uzito, kisha huota tena. Vidonge vya biotini vinavyouzwa kwa ajili hiyo ni ghali, havisaidii wengi, na vinaweza kupotosha baadhi ya vipimo vya maabara.

Mezani, kanuni ni protini kwanza, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa 8, na gramu 100 za samaki zipatazo 20. Ugali ukitangulia, kifuko hujaa kabla samaki hajaguswa. Maji yanywewe mbali na chakula, nusu saa baadaye. Soda na maji ya miwa, baada ya mchepuko, huweza kuleta jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuharisha na kizunguzungu. Anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari wake mapema. Wa miezi ya mwanzo haifai afunge, na aliyeruhusiwa anaweza kugawa dozi zake kati ya futari na daku.

Vidonge hivi vina gharama, na ni gharama ya kila mwezi kwa maisha yote. Kwa maoni yangu, ambaye hajaelezwa gharama hiyo hajapewa nafasi ya kuridhia upasuaji kwa haki. Pamoja na vidonge kuna vipimo vya damu katika mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka.

Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba. Vidonge vya kupanga uzazi visitegemewe baada ya mchepuko. Kijiti, kitanzi au sindano ni salama zaidi. Akiwa mjamzito, asinyweshwe glukosi kwa ajili ya kipimo cha kisukari cha mimba. Apimwe sukari nyumbani kwa kipimo cha kidole kwa muda wa wiki moja hivi. Vitamini A ya aina ya retinoli kwa dozi kubwa iepukwe, itumike ile ya beta-karotini.

Kila mgonjwa na awe na kadi ndogo kwenye pochi, kwa Kiswahili, yenye aina ya upasuaji, tarehe, simu ya kliniki, na mistari miwili kwa herufi kubwa: nikitapika, nipewe vitamini B1 kabla ya glukosi, nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni, kwani huleta vidonda penye mshono wa kifuko.