Kukodi Mashua Ziwani: Mkuu wa Nyumba Akague Nini?

Wahenga walinena, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Neno hilo yafaa likumbukwe na kila jamaa inayokusudia kutoka Lilongwe au makazi ya Dzaleka ikatazame wanyama na ndege wa Ziwa Malawi, ambalo Watanzania hulita Ziwa Nyasa.

Kutoka Lilongwe hadi Salima ni mwendo wa kilomita zipatazo 100, na ghuba ya Senga iko mbele kidogo. Hapo wenye mashua huwapeleka wageni kwenye kisiwa cha Namalenje, makao ya kenge na minandi. Juu ya miti hukaa furukombe. Nahodha hupiga mluzi na kutupa samaki majini, naye ndege huyo hushuka kama jiwe na kumnyakua mbele ya macho ya watoto.

Kusini zaidi iko Cape Maclear, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1980 na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1984. Sifa yake kubwa ni samaki wadogo wa rangi nyingi waitwao mbuna. Hawa huishi penye miamba wala hawapendi kuvuka mchanga. Ndiyo sababu jabali moja huwa na aina zake na jabali jingine zake. Mama huyaatamia mayai kinywani mwake mpaka watoto waanguliwe.

Nyumba mbili au tatu zikichangiana, zaweza kukodi mashua nzima. Faida yake ni kwamba jamaa huchagua saa yao, huomba injini izimwe karibu na ndege, na hurudi watakapo. Lakini katika safari ya namna hiyo mkuu wa nyumba ndiye mkaguzi, na hana budi kuikagua mashua kama askari akaguavyo silaha yake.

Kwanza, apatane bei, saa na idadi ya abiria kabla ya kupanda. Pili, ahesabu majaketi ya kuokolea; kila mtu apate lake, na mtoto apate linalomwenea. Tatu, atazame upepo. Mwera huvuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, na ziwa huchafuka ghafla. Mwezi Julai 1946 meli ya Vipya, iliyokuwa mpya kabisa, ilipinduka katika dhoruba ziwani humo na watu 145 wakafa. Ikiwa meli ilishindwa, mashua itasemaje? Nahodha akisema "leo hapana", asibembelezwe.

Nne, kiboko atazamwe kwa mbali. Mei 2023, katika mto Shire wilayani Nsanje, kiboko aliupindua mtumbwi uliobeba watu zaidi ya 30, na zaidi ya 20 kati yao wakapotea. Tano, kina mama wawazuie watoto kuchezea maji ya kina kifupi penye majani, kwa kuwa humo hukaa konokono wanaoeneza kichocho. Aliyekwisha kuoga ziwani aulize zahanati juu ya dawa.

Kwa wakazi wa Dzaleka, wilayani Dowa, liko jambo la sita. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994, na miongoni mwa Wakongo na Warundi waishio humo wamo waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika; mashua si kitu kigeni kwao. Hata hivyo, kanuni za Malawi humtaka mkimbizi akae kambini, na atokaye apate kibali. Kibali kitafutwe kabla ya nauli kulipwa, tena kiwe na jina la kila mwenye safari, la sivyo matembezi ya furaha yataishia kizuizini barabarani.

Jamaa iliyotimiza hayo yote na ipande mapema asubuhi, maji yakiwa yametulia, na irudi pwani kabla viboko hawajatoka kwenda malishoni jioni.