Msomi Akija Kijijini, Tumpokeeje?

Huku Kibaha na Kisarawe tumezoea wageni wenye madaftari. Gari linasimama chini ya mwembe, wanashuka watu wa Chuo Kikuu. Wanauliza: mnalima ekari ngapi? Mzizi huu unatibu nini? Tunajibu. Jioni wanarudi Dar es Salaam, na sisi hatusikii habari tena. Yale majibu yamekwenda wapi?

Si wote wafanyao hivyo. Mama Marja-Liisa Swantz, Mfini, aliishi na Wazaramo wa Bunju kuanzia mwaka 1965 hadi 1970. Mwaka 1975 watafiti wa Finland na wa Tanzania walianza kazi iliyoitwa Jipemoyo, magharibi ya Bagamoyo, jirani zetu wa Kibaha. Humo mwanakijiji hakuwa mtu wa kuulizwa tu. Shida za kijiji zilichunguzwa na kujadiliwa pamoja naye. Utafiti wa namna hii huitwa utafiti shirikishi.

Mbona tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu ujuzi ni mali. Tazameni Wasan wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika. Tangu zamani wawindaji wao hutafuna mmea uitwao hoodia ili wasisikie njaa. Miaka ya 1990 wanasayansi wa Afrika Kusini waliandikisha kisheria haki ya kuutumia mmea huo. Wenye ujuzi hawakuulizwa! Wakadai, na mwaka 2003 wakapata mkataba wa kugawiwa faida. Faida yenyewe haikuwa kubwa, lakini walikwishajua njia. Mwaka 2017 wakatoa masharti yao wenyewe kwa kila mtafiti: awaheshimu, awe mkweli, atende haki, awajali, afuate utaratibu.

Na sisi tunao waganga wajuao mizizi na magome. Pale Muhimbili dawa za asili zinachunguzwa tangu mwaka 1974. Kazi hiyo ni njema, tena tunaitaka.

Basi mtafiti akipiga hodi, mpeni kigoda. Kisha aonyeshe kibali chake. Aeleze anatafuta nini, nani anamlipa, na majibu atayaleta lini. Mganga asiyetaka kutaja mzizi wake asilazimishwe. Mkiambiwa mtie sahihi, msitie mpaka mmesoma. Kusoma si tunajua? Karatasi ikiwa ya Kiingereza, akaiandike upya kwa Kiswahili. Na majibu yakiletwa, yasomwe mbele ya wote, chini ya mwembe uleule.