Geuza: kitufe kimoja, vitenzi viwili

Zamu ya maji ikifika Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, swali la kando ya mfereji huwa fupi: "Kaka, umefungulia?" Ama amefungulia, geti la chuma limenyanyuliwa na maji yanaingia majarubani, ama amefunga na maji yanakwenda kwa jirani. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, hutegemea maji ya mito Rau na Njoro, na mpunga umeenea kuliko maji hayo. Ndiyo maana watu wanagawana kwa zamu. Mtu akijibu kwamba ameligeuza geti, ataulizwa tena: umeligeuza vipi?

Mwingereza ana neno la kujibu hivyohivyo, na halimtii aibu. Ni "toggle". Maana yake ni kukihamisha kitu chenye hali mbili kutoka hali kilimo kwenda ile nyingine. Taa ikiwa inawaka, itazimika. Ikiwa imezimwa, itawaka. Kidole kinafanya jambo lilelile mara zote. Kinachoamua matokeo ni hali iliyokutwa pale.

Kiswahili hupenda kutaja upande. Kwanza kina kauli ya kutendua, ambayo kwa irabu moja tu hulirudisha tendo lilikotoka: funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, panga na pangua, choma na chomoa. Pasipo na jozi ya namna hiyo, lugha huazima kitenzi cha ukoo mwingine kabisa. Washa ni mtoto wa waka, lakini kinyume chake ni zima, neno linalofanana kwa sauti na mzima, yaani mwenye afya. (Mgeni anayejifunza lugha akilalamika hapo, ana haki.) Kwa vyovyote vile, mtu hawezi kufungua kinywa kabla hajachagua: awasha au azima?

Neno hilo la Kiingereza halikuanzia kwenye umeme. Katika karne ya 18 mabaharia waliliita hivyo pini la mti lililopenyezwa kwenye kitanzi cha kamba, likafunga upesi na kufunguka upesi. Kutoka melini likahamia kwenye makoti, likawa kishikizo kirefu cha mti. Hata kile kibanio cha plastiki kinachokaza kamba ya kofia kwenye jaketi la mpanda Kilimanjaro huitwa hivyo hadi leo. Mafundi wa mitambo nao wakalichukua kwa kiungo kinachofanya kazi kama goti: vyuma viwili vilivyoungwa katikati, vinavyonyooka au kukunjika.

Swichi ya kurusha juu na chini inarithi tabia hiyo. Ukiisukuma polepole hukataa kwanza; ikivuka katikati, springi inamalizia safari yenyewe, ndiyo ule mlio wa "ta!" ukutani. Haikuundwa kukaa nusu.

Kwenye nyumba nyingi za Tanzania, zilizofuata mtindo wa Uingereza, swichi ikibonyezwa chini taa inawaka. Marekani ni kinyume: juu ndiyo kuwasha. Lakini nenda kwenye nyumba ya ghorofa yenye taa ya ngazi inayowashwa chini na kuzimwa juu, au kinyume chake. Fundi ameweka swichi mbili, kila moja ikiwa na njia mbili, na waya zinapokezana kati yao. Hapo mkao wa swichi hausemi chochote. Leo chini ni kuwasha. Mtu akigusa ile ya ghorofani, chini inakuwa kuzima. Hii ndiyo "toggle" halisi, na anayepanda ngazi hahitaji kamusi kwa sababu taa yenyewe anaiona.

Tatizo linaanza asipoiona. Programu ya Android inayowasomea skrini watumiaji wasioona hutaja kwanza kama kitufe kimewashwa au kimezimwa, kisha kwa Kiingereza huwaambia waguse mara mbili ili ku-toggle. Ondoa taarifa ile ya kwanza na agizo la pili linakuwa kitendawili. Mfasiri wa Kiswahili ana njia mbili. Akiandika "washa au zima" ameeleweka, ila kitufe kimejaa maneno. Akiandika "geuza" amepata ufupi, na si neno baya hata kidogo: anayekaanga chapati hugeuza, akigeuza tena upande wa kwanza umerudi chini, na tendo ni lilelile. Ila chapati ipo mbele ya macho yake. "Badilisha", ambayo wengine huikimbilia, ni mbovu zaidi, maana mtu hubadilisha tairi au nguo kwa kuweka nyingine.

Kuna na suala la kubonyeza mara mbili. Anayewasha pampu kwa simu, mtandao ukasuasua, atabonyeza tena kwa kukosa subira. Kama amri iliyotumwa ni "washa", pampu inawaka na agizo la pili halidhuru. Kama ni "geuza", la kwanza linaiwasha na la pili linaizima, na yeye yuko mbali akiamini maji yanakwenda.

Wahandisi wa mitambo mikubwa wanalijua hilo. Kwenye boksi la kuwashia mota, kama ile ya mashine ya kukoboa mpunga, mara nyingi huwa kuna vitufe viwili: cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Chekundu mara nyingi hutokeza nje zaidi, kipigike hata kwa kiganja. Mkanda ukinasa nguo ya mtu, anayekimbilia boksi hana nafasi ya kufikiri mashine iko katika hali gani. Anakipiga chekundu, na akikipiga mara tatu kwa hofu, mashine bado imezimwa.