Mgeni Katika Mji wa Tabora

Mgeni afikaye Tabora na aende kwanza Kwihara, karibu na mji, akaitazame tembe iliyojengwa upya mahali alipokaa Daktari Livingstone mwaka 1872, akingoja wapagazi kutoka pwani. Arudipo, na apite sokoni anunue asali, maana Wanyamwezi ni warina asali hodari tangu kale. Kisha na apumzike chini ya mwembe. Lakini asisahau ya kuwa njia hii iliyotoka Ujiji kwenda Bagamoyo ilipitisha pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. Livingstone aliichukia sana biashara hiyo. Zamani mtu alitiwa bei kama bidhaa. Leo Tabora huuzwa asali, wala mtu hana bei.