Kupanga Matokeo ya Utafutaji wa Maandiko ya Kitabibu: Mfano wa Homa ya Papasi

Makala haya yanafafanua jinsi zana za kupanga matokeo ya utafutaji zinavyomsaidia mtafiti wa afya, na jinsi zinavyoweza kumpotosha. Mfano uliochaguliwa ni homa ya papasi, ugonjwa wa miaka mingi katika nyanda kavu za kati mwa Tanzania, ambako sakafu na kuta za udongo za nyumba za tembe huwapa papasi maficho. Tuchukulie kuwa tabibu wa Mkiwa, mkoani Singida, ana mgonjwa ambaye homa yake hupoa kisha hurejea, ilhali kipimo cha haraka cha malaria hakioneshi kitu. Kipimo hicho hakibaini bakteria wa jenasi ya Borrelia, ambao huweza kuonekana damu inapochunguzwa kwa hadubini. Ugonjwa hutibika kwa viuavijasumu, lakini kwa mjamzito na mtoto mchanga ucheleweshaji huweza kuua. Je, tabibu huyo asome nini?

PubMed, iliyofunguliwa bure kwa umma mwaka 1997, ina rekodi zaidi ya milioni 35. Neno "papasi" halitamfikisha mbali humo. Wanasayansi huandika Ornithodoros moubata, na nchini Kongo ugonjwa wenyewe uliitwa kimputu. Pengo hili la majina ndilo linalozibwa na MeSH, mfumo wa istilahi ulioanzishwa mwaka 1960 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Istilahi zake zimepangwa kama mti: anayetafuta tawi kubwa la maambukizi ya Borrelia hupata pia makala ya vitawi vilivyo chini yake.

Zana za kupanga matokeo hufuata njia kuu mbili. Ya kwanza huyagawa makala kwa istilahi zilizokwisha kuwekwa. GoPubMed, kwa mfano, ilitumia MeSH pamoja na istilahi za jeni. Ya pili hulinganisha maneno ya makala na kuyaweka pamoja yanayofanana, bila orodha ya awali. Njia ya kwanza hueleweka kwa urahisi lakini hutegemea lebo. Ya pili huweza kuibua mada mpya, ingawa majina ya makundi yake mara nyingine huwa na utata.

Udhaifu wa lebo ni mkubwa kwetu. MeSH hubandikwa kwenye rekodi za MEDLINE, si kwenye kila rekodi ya PubMed. Hivyo makala ya jarida lililo nje ya MEDLINE huweza kukosa kundi. Vilevile, MEDLINE huanzia mwaka 1946, ilhali Joseph Dutton, aliyechunguza uenezaji wa ugonjwa huu kwa papasi, alifariki Kasongo, mashariki mwa Kongo, mwaka 1905.

Hoja ya msingi ni kwamba zana hizi hupanga kilichoandikwa, si kilichopo. Pale hadubini inapoachwa, wagonjwa hawatambuliwi, wasipotambuliwa, hawaandikiwi, na kundi lenye makala machache huonekana kama ugonjwa uliokwisha. Kwa hiyo mtafiti atumie istilahi za MeSH pamoja na maneno huru, apekue pia faharasa ya African Index Medicus, na asichukulie kundi tupu kuwa ushahidi wa kutokuwapo kwa ugonjwa. Kwa tabibu wa Mkiwa, kundi tupu liwe sababu ya kurudi kwenye hadubini.